Fahamu kwa nini dawa za shinikizo la damu haziachwi ghafla

Msimu wa kilimo unapofika katika Bonde la Kilombero, wakulima wengi wa mpunga wa Wilaya ya Malinyi, mkoani Morogoro, huhamia mashambani na kukaa huko kwa wiki kadhaa, mbali na zahanati. Kwa mwenye shinikizo la juu la damu, siku vidonge vinapomwishia shambani ndiyo siku hatari inapoanza.

Mwili unapokabiliwa na hofu au kazi nzito, hutoa kemikali za adrenalini na noradrenalini. Kemikali hizo hushika vipokezi vilivyopo kwenye utando wa seli. Katika kuta za mishipa ya damu, ikiwemo ya ubongo, kipokezi cha alfa-1 kikishikwa huamsha kimeng'enya kinachokata mafuta maalumu ya utando huo. Kipande kimoja huingia ndani ya seli na kufungulia akiba ya madini ya kalsiamu. Kingine hubaki kwenye utando na kuendeleza ujumbe. Matokeo yake, msuli hukaza na mshipa hupungua upana.

Kukaza huko kuna manufaa. Shinikizo linapopanda ghafla, mishipa mikubwa ya ubongo hujibana ili kuikinga ile midogo. Hata hivyo, kinga hiyo ina kikomo. Kwa mishipa iliyodhoofishwa na shinikizo la miaka mingi, ongezeko la ghafla linaweza kuipasua na kusababisha kiharusi.

Baadhi ya dawa, zikiwemo atenololi na propranololi, huziba vipokezi vya beta, hasa vya moyo. Mwili nao hujibu kwa kuongeza idadi ya vipokezi. Dawa ikikatwa ghafla, adrenalini hukuta vipokezi vingi vilivyo wazi; moyo hupiga kwa kasi na shinikizo huweza kupanda.

Hivyo, kujisikia vizuri si sababu ya kuacha dawa. Wananchi wanashauriwa kuhesabu vidonge kabla ya kwenda shambani, kuomba dawa za kutosha siku zote watakazokuwa huko, na kutobadili dozi bila ushauri wa mtaalamu wa afya. Aidha, mtu anayepinda mdomo, kulegea mkono au mguu wa upande mmoja, au kushindwa kuzungumza ghafla, afikishwe hospitalini bila kuchelewa.