Kumisi kwa injini yenye supachaja

Kumisi ni hitilafu ya injini ambapo silinda moja au zaidi hushindwa kuunguza mchanganyiko wa hewa na petroli kwa wakati wake. Dereva huitambua kwa mtetemo, mkwamo au kupungua kwa nguvu ghafla. Aliye nyuma ya gari husikia mlio unaokatikakatika kwenye bomba la moshi. Neno lenyewe ni la gereji, na limeenea kiasi kwamba hakuna fundi asiyelijua.

Makala hii inahusu magari ya zamani ya petroli yenye supachaja. Mifano ni Toyota zenye injini ya 4A-GZE (silinda 4, lita 1.6) au 1G-GZE (silinda 6, lita 2.0), zilizotengenezwa kuanzia miaka ya 1980, pamoja na Mercedes-Benz za miaka ya 1990 na 2000 zenye neno "Kompressor" nyuma.

Kwa nini supachaja hubadilisha mambo

Supachaja ni pampu ya hewa inayozungushwa na krenki ya injini kwa mkanda. Hapo ndipo inapotofautiana na tabo, ambayo huzungushwa na moshi unaotoka. Kazi yake ni kusukuma hewa nyingi zaidi ndani ya silinda, ili petroli nyingi zaidi iungue na nguvu iongezeke.

Faida yake huonekana hasa nyanda za juu. Kwenye kimo cha mita 1,500, na Vwawa, makao makuu ya Mkoa wa Songwe, haiko chini ya hapo, kanieneo ya hewa ni takribani asilimia 84 ya ile ya usawa wa bahari. Injini ya kawaida iliyotoka Dar es Salaam hufika huko ikiwa imepungukiwa na pumzi. Yenye supachaja hurudishiwa sehemu ya kile ilichopoteza.

Lakini hewa iliyobanwa hupitisha umeme kwa shida. Kadiri kanieneo ndani ya silinda inavyopanda, ndivyo volti nyingi zaidi zinavyohitajika ili cheche iruke kwenye mwanya wa plagi. Plagi iliyolika mwanya ukapanuka, au koili iliyochoka, inaweza kufanya kazi vizuri gari likiwa limesimama linanguruma, kisha ikashindwa mara supachaja inapoanza kusukuma. Kwa sababu hiyo, desturi ya kuchomoa plagi, kuigusisha kwenye chuma cha injini na kutazama cheche yake haithibitishi mengi. Cheche hiyo inaruka kwenye hewa ya wazi, wakati kazi yake halisi iko kwenye hewa iliyoshindiliwa mara kadhaa.

Inamisi wakati gani?

Hili ndilo swali la kuulizwa kabla ya kununua spea yoyote. Wengi huanza kinyume: leo plagi, kesho koili, wiki ijayo pampu ya mafuta, na gari linaendelea kumisi huku fedha zikiisha.

Ikiwa injini inamisi inapopanda mlima au inapokanyagwa tu, washukiwa wa kwanza ni cheche dhaifu au petroli isiyotosha. Ikiwa inamisi imesimama lakini ikitulia inapokimbia, tafuta mahali hewa inapoingia bila kupimwa: mpira uliopasuka au gasketi ya manifodi. Ikiwa inamisi asubuhi za mvua na kupona ikishapata joto, mara nyingi unyevu umeingia kwenye waya za plagi zenye nyufa. Waya kama hizo hujisaliti usiku: fungua boneti gizani, nyunyizia maji kidogo kama ya ukungu, na cheche za buluu zitaonekana zikirukia chuma. Usiziguse kwa mkono.

Ikiwa inamisi saa zote, huenda silinda moja imekufa kabisa. Ili kuijua, injini ikinguruma, chomoa soketi ya nozeli moja moja na kuirudisha. Silinda nzima ikizimwa, mlio hubadilika na mtetemo huongezeka. Iliyokufa haibadilishi kitu. Njia hii ni salama kuliko kuvuta waya za plagi, ambazo zinaweza kumpiga mtu shoti na kuharibu koili.

Kusoma kompyuta ya gari

Magari yanayofuata mfumo wa OBD-II hutoa namba za hitilafu: P0300 humaanisha kumisi kusiko na silinda maalumu, P0301 silinda ya kwanza, P0302 ya pili, na kuendelea. Mfumo huo ulilazimishwa Marekani kwa magari ya mwaka 1996, na Ulaya kwa magari ya petroli kuanzia 2001. Toyota za zamani zilizotengenezwa kwa soko la Japani hazina soketi hiyo. Huko fundi huunganisha kwa waya matundu ya TE1 na E1 katika kisanduku cha uchunguzi kilicho chini ya boneti, anafungua swichi bila kuwasha injini, kisha anahesabu mimweko ya taa ya cheki injini. Namba 14, kwa mfano, huelekeza kwenye ishara ya umeme wa kuwashia. Kompyuta hizo hazitaji silinda inayomisi. Hata OBD-II ikiitaja, haisemi kama kosa ni la plagi, koili au nozeli.

Jibu hupatikana kwa kubadilishana. Pale ambapo kila silinda ina koili yake, hamisha koili ya silinda ya 2 kwenda ya 3. Hitilafu ikihama nayo, koili ni mbovu. Ikibaki pale pale, hamisha plagi, kisha nozeli. Gharama ya kipimo hiki ni muda tu. Katika 4A-GZE koili moja huhudumia silinda mbili, 1 na 4, na nyingine 2 na 3. Jozi nzima ikimisi, mtazame koili yao kwanza.

Petroli na hewa

Kidhibiti cha presha ya petroli huunganishwa na manifodi kwa mpira mwembamba. Supachaja inaposukuma, presha ya petroli nayo inapaswa kupanda. Mpira huo ukipasuka, nozeli hupeleka petroli pungufu wakati ule ule inapohitajika zaidi. Uchomoe na kuunusa: ukikuta petroli ndani yake, utando wa kidhibiti umetoboka.

Ubora wa petroli nao ni muhimu. Tanzania ilianza kuweka vinasaba katika mafuta mwaka 2010, chini ya EWURA, ili kukomesha uchanganyaji wa mafuta ya taa. Mchanganyiko huo hushusha oktani, na injini yenye supachaja hugonga. Mgongo huo unaweza kutoboa pistoni.

Kubana kwa silinda

Plagi, koili na nozeli zikiwa nzima, pima kompresheni. Silinda zikitofautiana kwa zaidi ya asilimia 15 hivi, kuna tatizo la ndani. Tia kijiko cha oili kwenye silinda dhaifu kisha upime tena: kipimo kikipanda, ringi zimelika, kisipopanda, valvu hazifungi. Silinda mbili jirani zikiwa chini pamoja, gasketi ya hedi inashukiwa.

Madhara ya kuchelewa

Katika barabara kuu ya TANZAM, ambako malori ya Tunduma hufuatana, gari linalomisi katikati ya kulipita lori huwaweka watu hatarini. Zaidi ya hayo, petroli isiyoungua huosha oili kwenye kuta za silinda, na nyingine huungulia ndani ya masega ya mfumo wa moshi hadi yakayeyuka. Masega yakiziba, gari hukosa nguvu hata baada ya plagi mbovu kubadilishwa, na mwenye gari hudhani fundi alikosea.