Saratani ya mlango wa kizazi: si kila matibabu ni kutolewa kizazi

Mwanamke anapoambiwa kwamba kipimo cha mlango wa kizazi kimeonyesha tatizo, swali la kwanza mara nyingi ni kama atatolewa kizazi. Wengine huogopa jibu hadi hawarudi kliniki kuchukua matokeo. Ukweli ni kwamba tatizo likigunduliwa mapema, kizazi kwa kawaida hakiguswi.

Saratani hii karibu kila mara husababishwa na virusi vya HPV, ambavyo huenea kwa kujamiiana. Mara nyingi mwili huviondoa wenyewe. Vikidumu, seli za mlango wa kizazi huanza kubadilika, na kwa kawaida hupita miaka mingi kabla hazijawa saratani. Kwa wanaoishi na virusi vya Ukimwi, muda huo ni mfupi zaidi.

Katika kipindi hicho tiba ni nyepesi. Mhudumu huchoma sehemu iliyoathirika kwa kifaa chenye joto, au huigandisha kwa gesi baridi, kazi ya dakika chache tu. Sehemu ikiwa kubwa, daktari hudunga ganzi na kuikata kwa waya mwembamba wa umeme. Mama hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Majimaji yanaweza kumtoka kwa wiki kadhaa, na hatakiwi kujamiiana kwa wiki nne hadi sita. Heri mume aelezwe mapema, pengine kliniki hapo hapo, kwa sababu jambo hili likifichwa huleta ugomvi nyumbani.

Ikiwa tayari ni saratani, matibabu hutegemea imefika wapi. Ikiwa ndogo sana, na mwanamke bado anataka watoto, huenda akakatwa kipande tu cha mlango wa kizazi kisha afuatiliwe kwa karibu. Ikiwa imekua kiasi lakini haijasambaa, hapo ndipo upasuaji wa kutoa kizazi hufanywa.

Kwa bahati mbaya, wagonjwa wengi nchini hufika hospitalini ugonjwa ukiwa umevuka hapo. Hawa hutibiwa kwa mionzi siku tano kwa wiki, kwa takriban wiki tano, pamoja na dawa ya sisplatini ya kupitishwa kwenye mshipa mara moja kwa wiki. Baadaye hufuata mionzi ya ndani, ambapo kifaa huingizwa kupitia ukeni hadi karibu na uvimbe.

Zamani mgonjwa wa Pwani alilazimika kusafiri hadi Hospitali ya Kenyatta, Nairobi. Sasa Hospitali Kuu ya Rufaa ya Pwani ina kituo cha saratani kinachotoa mionzi. Hata hivyo, kwa mkaazi wa Mishomoroni hiyo ni kuvuka Daraja la Nyali mara 25 au zaidi, kwenda na kurudi. Nauli, ruhusa ya kazini na mtu wa kubaki na watoto vipangwe kabla ya siku ya kwanza. Matibabu yote yanapaswa kukamilika ndani ya wiki nane, na kila pengo hupunguza uwezekano wa kupona. Uchovu na kuharisha ni kawaida. Mgonjwa amwambie daktari badala ya kuacha kwenda. Anayetumia mitishamba pia aseme, kwani sisplatini hulemea figo na baadhi ya mitishamba huzidisha mzigo huo. Mionzi hukomesha hedhi na uwezo wa kuzaa, na hili mwanamke ana haki ya kulijua kabla ya kuanza.

Saratani iliyosambaa mbali hutibiwa kwa dawa za kuipunguza kasi na za kutuliza maumivu, ikiwemo morfini. Coast Hospice, hapa Mombasa, huhudumia wagonjwa kama hao na familia zao.

Gharama ni kubwa, kwa hivyo familia ijisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, kwa kupiga *147#, na michango iwe imelipwa kabla ugonjwa haujabisha hodi.

Wanawake wa miaka 30 hadi 49 wanahimizwa kupimwa hata wakijihisi wazima. Wanaoishi na virusi vya Ukimwi waanze wakiwa na miaka 25. Anayetokwa damu baada ya kujamiiana, kati ya hedhi moja na nyingine, au baada ya hedhi kukoma, asingoje umri wala zamu ya kupimwa. Aende kituo cha afya kilicho karibu wiki hiyo hiyo, hata kama hasikii maumivu yoyote.