Nyota Haina Mizania

Niwapo Kahama, Geita au Shinyanga mjini, watu wazima wenye fedha zao na akili zao timamu huniuliza swali lile lile: "Mtaalamu, katika vijana hawa wanaoomba fedha za kutafutia, yupi mwenye nyota?" Nimelijibu kwa upole hata upole umeniishia, basi leo nalijibu kwa maandishi, ili atakayeniuliza tena nimpe gazeti aende zake.

Fedha hizo wanaziombea mfuko wa utafutaji, yaani mapatano ambayo kwayo wenye mali kadhaa humchangia mtu mmoja au wawili masurufu ya miaka kama miwili, ili wazunguke wakitafuta kampuni moja hai yenye faida, ambayo mwenyewe amezeeka na watoto wake hawaitaki, kisha wenye mali hao watoe mtaji wa kuinunua na mtafutaji aiongoze. Mtindo huu ulianza Marekani mwaka 1984, ukalelewa na Irving Grousbeck, aliyeufundisha katika Chuo Kikuu cha Stanford. Hapo kale wachangiaji walikuwa matajiri mmoja mmoja waliojuana. Siku hizi yako makampuni, kama Pacific Lake na Search Fund Partners, ambayo shughuli yao ni kushika hisa ndogo ndogo katika watafutaji wengi kwa mara moja. Wataalamu hao wa mitaji ndio waliokuza jambo hili, na hakuna hata mmoja wao anayeuliza habari za nyota.

Itikadi ya nyota kwetu imetoka kwenye maduara ya wachimbaji wa dhahabu. Mtu akichimba akapata, husemwa ana nyota. Waliochimba kando yake wakaambulia vumbi na madeni, hao hawahesabiwi, wala hakuna awaulizaye walikwenda kwa mganga yupi, ilhali aghalabu walikwenda kwa huyo huyo. Maduara mengi yakichimbwa juu ya mwamba wenye dhahabu, hapana budi baadhi yatapata, na hiyo ni hesabu tupu, haina buruji ndani yake. Fauka ya hayo, itikadi hii haikukoma kwenye hirizi na kuku mweupe: tangu mwaka 2007 watu wenye ualbino wameuawa katika kanda hii kwa sababu ya wauza bahati, na Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitangaza kufutwa kwa leseni za waganga wa jadi. Mwenye mtaji anayeniuliza nyota kwa tabasamu na ajue ni duka gani anasimama mlangoni pake.

Wapo wanaonijibu kwa kisa cha John Williamson, ambaye husimuliwa kuwa aliiokota almasi ya Mwadui chini ya mbuyu, kana kwamba mbuyu ulimwita kwa jina. Laiti wangesoma zaidi! Williamson alikuwa mwanajiolojia mwenye shahada ya udaktari ya Chuo Kikuu cha McGill. Alifanya kazi kwenye machimbo ya almasi ya Mabuki, na waajiri wake walipokata tamaa aliendelea kwa nguvu zake, akipembua changarawe miaka kadhaa, akikopa huku na huku, hata mwaka 1940 akaufikia mwamba ambao uso wake una ukubwa wa hekta zipatazo 146. Miongoni mwa waliomtilia fedha alikuwa wakili wa Mwanza, I. C. Chopra, aliyekuwa mshirika mwenye hisa. Huo, ijapokuwa ulitafuta mwamba badala ya kampuni, ni mfuko wa utafutaji kwa kila sifa yake, na ulikuwapo Shinyanga miaka arobaini na zaidi kabla ya Stanford.

Sasa tazama hesabu. Taarifa za Stanford zaonyesha kwamba kiasi cha theluthi moja ya watafutaji humaliza muda wao bila kununua chochote, na kwamba faida kubwa inayosifiwa, kiasi cha asilimia 35 kwa mwaka, ni wastani ulioinuliwa na wachache waliofanikiwa kupita kiasi. Ndiyo maana mtaalamu husambaza fedha yake kwa watafutaji wengi. Ndiyo maana pia mtafutaji kwa desturi hapewi fungu lake lote la hisa kwa mara moja: theluthi akinunua, theluthi kwa miaka atakayoongoza, na theluthi wenye mali wakipata faida waliyopatana. Bwana mmoja alinilalamikia kwamba kijana wake ana mkosi, kwa kuwa baada ya miezi mingi alikataa kiwanda cha kuchambua pamba ambacho vitabu vyake vilificha madeni. Mkosi! Hilo "hapana" ndilo bwana huyo alilolilipia, na lilikuwa rahisi kuliko kiwanda.

Kwa anayetaka kuanza: shirikianeni watu kadhaa, hata wenye vinu vya mpunga vya Kahama, andikeni mkataba mbele ya wakili, toeni fedha kwa awamu, kila awamu kwa taarifa, hakikini kampuni BRELA na kodi zake TRA kabla ya kutaja bei. Mkitafuta madini, thibitisheni leseni Tume ya Madini, pelekeni sampuli maabara ya taasisi ya jiolojia, GST, Dodoma, na waulizeni STAMICO habari za mitambo ya kuchoronga kabla hamjafukua kwa kubahatisha. Asiyeweza kupoteza fedha hiyo yote asiitoe. Na atakayewaahidi faida ya kila mwezi wakati bado anatafuta, huyo mkumbusheni upatu wa DECI, mwulizeni waliopanda mbegu humo walivuna nini mwaka 2009.