SSD kwa laptopu ya zamani: Angalia mashine kabla ya bei

MFANYABIASHARA ambaye kila asubuhi huwasha laptopu yake na kumaliza kikombe cha chai kabla haijafunguka, ana njia mbili. Anaweza kununua nyingine, au kuitoa diski ya zamani na kuweka ya aina ya SSD. Njia ya pili kwa kawaida ni nafuu. Hata hivyo, tangu mwishoni mwa mwaka 2025 bei za chipu za kumbukumbu zilipoanza kupanda, kosa la kununua diski isiyofaa limekuwa la gharama kubwa zaidi.

Faida yenyewe haina ubishi. Diski ya zamani ina sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa kinachosafiri juu yake kutafuta kumbukumbu. Kila safari huchukua milisekunde 10 hivi. SSD haina kinachozunguka. Chipu zake hutoa kumbukumbu katika sehemu ndogo ya milisekunde moja. Mwenye duka anayefungua hesabu, orodha ya stoo na intaneti kwa pamoja huiona tofauti siku hiyo hiyo, ingawa prosesa ni ile ile.

Umbo na njia

Jambo la kwanza ni kujua mashine inapokea diski gani. Laptopu nyingi za kabla ya mwaka 2015 hutumia diski ya inchi 2.5 ya njia ya SATA. ThinkPad T430 ya mwaka 2012, mathalani, huchukua diski ya aina hiyo yenye unene wa milimita 7. Mashine za baadaye hutumia kadi nyembamba iitwayo M.2, ambayo kwa kawaida ina upana wa milimita 22 na urefu wa milimita 80.

Hapa ndipo wengi huumia. Kadi za M.2 zipo za SATA na za NVMe, na kwa macho zinafanana. Aghalabu ile ya SATA ina mikato miwili kwenye meno yake na ya NVMe ina mmoja. Mashine inayokubali SATA pekee haitaitambua NVMe, hata ikiingia vizuri.

Wenye MacBook Air wawe waangalifu zaidi. Zile za mwaka 2013 hadi 2017 zina umbo lao la pekee, na kadi ya kawaida huhitaji kiunganishi. Kuanzia toleo la mwaka 2018, chipu zimechomelewa kwenye bodi na hakuna cha kubadilisha.

Kasi isiyotumika

Matangazo ya NVMe hutaja megabaiti 3,500 kwa sekunde na zaidi, ilhali SATA huishia kiasi cha 550. Tarakimu hizo ni za kuhamisha mafaili makubwa mfululizo. Kwa hesabu, barua na risiti, tofauti kati ya hizo mbili ni ndogo. Hatua kubwa ni ile ya kuachana na sahani inayozunguka.

Uimara nao usimtishe mnunuzi. Kingston A400 ya gigabaiti 240, mojawapo ya diski za bei ya chini zilizojulikana sana, ilipimwa na kiwanda kubeba maandishi ya terabaiti 80. Anayeandika gigabaiti 20 kwa siku, ambazo ni nyingi kwa duka, angehitaji takriban miaka 11 kuzimaliza. Samsung 870 EVO ya gigabaiti 500, yenye kipimo cha terabaiti 300 na dhamana ya miaka 5, ingemchukua miaka 41. Kwa hiyo anayelipa zaidi apime ukubwa na dhamana anayopata, si hofu ya diski kuchakaa.

Wauzaji wapungua

Watengenezaji wakubwa wa chipu hizi ni wachache, wakiwamo Samsung, SK hynix, Kioxia, SanDisk na Micron. Desemba 2025 Micron ya Marekani ilitangaza kuacha kuuza bidhaa za Crucial kwa watumiaji wa kawaida, ili chipu zake ziende kwa wateja wakubwa wenye vituo vya data vya akili bandia. Mnunuzi mdogo sasa anashindania chipu na matajiri.

Upungufu huvutia bidhaa bandia. Diski ya terabaiti 2 inayouzwa kwa bei ya gigabaiti 240 inaweza kuwa imerekebishwa idanganye ukubwa wake. Ikijaa, hufuta ya mwanzo kimyakimya. Iwe ni Kariakoo au Luthuli Avenue, fundi aombwe kuijaribu kwa programu kama H2testw, inayoijaza na kuisoma upya, kabla ya fedha kutoka mfukoni.

Je, mashine yenyewe inastahili?

Msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 huhitaji TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, kwa kawaida prosesa ya kizazi cha 8 au zaidi. Hivyo ThinkPad T480 ya mwaka 2018 yenye prosesa hiyo inastahili diski nzuri. T430 haimo katika orodha hiyo. Mwenye nayo anaweza kuhamia Linux, au anunue diski ya SATA ya kiasi, gigabaiti 240 au 500. Diski hiyo haifi na mashine: inaweza kuhamishiwa nyingine yenye nafasi ya inchi 2.5, au kutiwa kwenye kasha la USB ikatunza nakala.

Nakala ndizo zisisahaulike. Diski ya sahani mara nyingi hulia au kusuasua kabla ya kufa. SSD inaweza kuzimika ghafla, na kurejesha kilichomo ni kazi ngumu na ya gharama. Diski ya zamani ikitolewa isitupwe wala kuuzwa siku hiyo. Ikae kabatini na hesabu zake hadi mpya ithibitike. Mali bila daftari hupotea bila habari, na siku hizi daftari limo ndani ya diski.