Saratani Kali ya Mji wa Mimba: Inavyosambaa na Inavyotibiwa

Saratani nyingi za ukuta wa ndani wa mji wa mimba hukua polepole, na zikigunduliwa mapema upasuaji pekee mara nyingi hutosha. Aina iitwayo serasi haiko hivyo. Ni takribani 10% tu ya saratani za ukuta huo, lakini husababisha karibu 40% ya vifo vyake. Huwapata zaidi wanawake waliokwisha kukoma hedhi, wembamba kwa wanene.

Katika aina ya kawaida, kina cha uvimbe ndani ya msuli wa mji wa mimba hutusaidia kukadiria hatari. Kwa serasi, kigezo hicho hupotosha. Seli zake huweza kupita katika mirija ya uzazi, zikadondokea tumboni na kuota juu ya ovari au katika utando wa mafuta unaofunika utumbo, ilhali ndani ya mji wa mimba kuna kidonda kidogo tu. Husambaa pia kwa mishipa ya limfu hadi kwenye tezi za nyonga na za tumboni.

Kwa hiyo mpasuaji huondoa mji wa mimba pamoja na mirija na ovari, huchunguza tezi, na huchukua sehemu ya utando wa mafuta hata ukionekana safi. Kisha hufuata dawa za dripu, kwa kawaida karboplatini na paklitakseli. Wagonjwa huuliza, na wana haki kuuliza: kwa nini dawa kali ilhali uvimbe umekwisha kutolewa? Katika utafiti wa PORTEC-3, matokeo ya mwaka 2019 yalionyesha kuwa miongoni mwa wanawake wenye serasi, takribani 71% ya waliopewa dawa pamoja na mionzi walikuwa hai baada ya miaka 5. Kwa waliopewa mionzi pekee walikuwa 53%.

Kwa wahudumu wenzangu: kipimo cha siki huchunguza shingo ya kizazi tu, hakioni ndani ya mji wa mimba. Mama aliyekoma hedhi akitokwa damu, hata matone, asirudishwe nyumbani kwa sababu kipimo hicho ni safi. Apewe rufaa achukuliwe kinyama. Ultrasaundi ikionyesha ukuta mwembamba na damu ikaendelea kutoka, kinyama kichukuliwe vilevile.