Sura ya 6: Kuikomaza Seli Badala ya Kuiua

Kila ninapoeleza kwamba ipo saratani inayotibiwa kwa dawa ya ukoo wa vitamini A, hakosekani wa kuuliza ale karoti ngapi kwa siku. Tumalizane na karoti kwanza.

Finland walilipima jambo hili kwa wanaume wavuta sigara 29,133. Baadhi yao walipewa beta-karotini, ile rangi ya karoti ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Majibu yalipotoka mwaka 1994, waliomeza beta-karotini walikuwa wamepata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wenzao. Wamarekani waliunganisha beta-karotini na vitamini A yenyewe, na Januari 1996 ikabidi walikatishe jaribio lao, maana saratani ya mapafu ilikuwa imezidi kwa asilimia 28. Karoti ya sahanini haina kosa. Lakini anayekuuzia vidonge vya "kinga ya saratani" kwenye magrupu ya WhatsApp anakuuzia kitu kilichopimwa na kushindwa zamani.

Dawa ninayoizungumzia ni asidi ya retinoiki, ambayo madaktari huiita ATRA. Ni dawa ya hospitali, hutolewa kwa kipimo, na mjamzito akiinywa inaweza kumlemaza mtoto aliye tumboni. Ugonjwa wa saratani unaotibiwa nayo ni mmoja: lukemia kali ya promielositi. Leif Hillestad wa Norway aliueleza mwaka 1957 kutokana na wagonjwa watatu, wote wakifa ndani ya wiki chache. Kilichowaua ni kuvuja damu, kwa sababu seli hizi huvuruga ugandaji wake.

Wengi huidhania seli ya saratani kuwa jitu lenye nguvu kupita kiasi. Hapa ni kinyume: ni seli iliyokwama utotoni. Fikiria shule ambayo darasa la tano hawapandi darasa, na kila mwaka wengine wanaingia. Madarasa yanafurika, na darasa la saba hakuna mtu. Ndivyo uboho wa mgonjwa huyu ulivyo: umejaa promielositi, na seli nyeupe zilizokomaa, zenye uwezo wa kupambana na vijidudu, zimeadimika.

Nilikusudia nigawe nafasi sawa kwa saratani tatu. Shanghai imeniharibia mpango, na sioni sababu ya kuomba radhi.

Tayari Theodore Breitman na wenzake, Marekani, walikuwa wameonyesha maabarani kwamba asidi ya retinoiki huzikomaza seli hizi. Mwaka 1985 Wang Zhenyi, wa Hospitali ya Ruijin mjini Shanghai, alimpa dawa hiyo binti wa miaka mitano ambaye kemotherapi ilikuwa imeshindwa kumsaidia. Mtoto akapona. Mwaka 1988 timu yake ikachapisha habari za wagonjwa 24: wote walipata nafuu kamili, 23 kati yao kwa dawa hiyo peke yake. Kilichowashangaza wataalamu ni kwamba uboho haukukaushwa kwanza, kama kemotherapi inavyofanya. Chini ya hadubini, ndani ya seli zilizokomaa vilionekana vijiti vya Auer, alama ya seli za lukemia. Maana yake zilikuwa seli zilezile za saratani, sasa zimekua. Na seli nyeupe ya aina hiyo ikishakomaa haiishi siku nyingi.

Kwa nini ilifanya kazi? Janet Rowley wa Chicago alikuwa ameonyesha mwaka 1977 kwamba kromosomu ya 15 na ya 17 hubadilishana vipande katika ugonjwa huu. Baadaye ikajulikana kuwa mkatiko wa kromosomu ya 17 unapita kwenye jeni ya kipokezi cha asidi ya retinoiki, nayo huungana na jeni iitwayo PML. Protini inayozaliwa na muungano huo hukalia jeni za ukomavu na kuzinyamazisha. Asidi ya retinoiki iliyomo mwilini ni kidogo mno kuiondoa. Kipimo cha dawa huiondoa. Saratani ya titi au ya shingo ya kizazi haina muungano huo, kwa hiyo ATRA haina pa kushika.

Shida ikawa kwamba wengi waliotibiwa kwa ATRA tupu waliugua tena. Hapo inaingia aseniki, na hapo ndipo ninapochoka na watu. Miaka ya 1970, mjini Harbin, Zhang Tingdong na wenzake walianza na dawa ya kienyeji iliyochanganya aseniki, zebaki na sumu ya chura. Wapenzi wa dawa za chupa wakiisikia hadithi hii hushangilia. Wengine hutikisa kichwa na kusema dawa ya moto ni moto. Wote wameruka kazi yenyewe. Watu wa Harbin waliondoa kiungo kimoja baada ya kingine, wakabaki na aseniki trioksidi, wakaisafisha na kuipima. Nayo haiiui saratani kwa ukali wake wa sumu: huishika ile sehemu ya PML, na protini nzima ikavunjwa. Tafiti za kikundi cha Hugues de Thé, Paris, zimeonyesha kwamba huko kuvunjwa ndiko kunakoponya. Ukomavu peke yake hautoshi. 

Jaribio la Italia na Ujerumani lililochapishwa mwaka 2013 liliwapa wagonjwa wasio wa hatari kubwa ATRA na aseniki bila kemotherapi. Baada ya miaka miwili asilimia 97 walikuwa hai bila ugonjwa kurudi wala tiba kushindwa; kwa waliopewa ATRA na kemotherapi ilikuwa 86.

Saratani zangu mbili nyingine zimebakiwa na aya hii. Watoto wenye niroblastoma hatari hupewa isotretinoini, ndugu wa ATRA, baada ya tiba nzito. Enasidenibu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2017, huzikomaza seli za lukemia zenye hitilafu katika jeni ya IDH2. Mafanikio yapo, ila hayafikii yale ya promielositi.

Kukomaza nako kuna hatari zake. Seli zikikua kwa mkupuo mgonjwa hupata homa, huvimba, hukosa pumzi; akichelewa kupewa deksamethasoni anaweza kufa. Hata hivyo bado wanaokufa mapema huuawa zaidi na kuvuja damu, pengine kabla ugonjwa haujapewa jina. Kwa hiyo daktari akiushuku huanza ATRA siku hiyohiyo, bila kungoja majibu ya jeni. Yakirudi na kusema sio, huisimamisha.