Mizani Inapogoma: Baiskeli, Sahani na Uzito Usioshuka Tena (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tuliona jinsi misuli ya mapaja inavyotumia sukari na mafuta mtu anapopanda mlima kwa baiskeli. Leo nafika kwenye jambo linalowavunja moyo watu kuliko mlima wenyewe. Mtu anaendesha miezi mitatu, uzito unashuka. Mwezi wa nne unasimama. Anaongeza bidii, mizani haijibu. Wengi huitundika baiskeli ukutani hapo hapo wakisema imeshindwa kazi. Mimi nasema haijashindwa, na anayeiacha wakati huo anajinyima kile alichokwisha kupata.

Kwanza niseme ninamwandikia nani. Kivu ya Kusini inaijua njaa. Kule Lwiro, ambako IRSAC, taasisi ya utafiti iliyoundwa mwaka 1947, ilijenga kituo chake, madaktari wametibu watoto wa bwaki, yaani utapiamlo mkali, kwa miongo mingi. Tangu vita vilipoingia Bukavu Februari 2025 na benki kufungwa, nyumba nyingi za mtaa wa Bagira mjini humo zimepunguza chakula bila kushauriwa na daktari yeyote. Aliye katika hali hiyo hahitaji somo la kupunguza uzito. Lakini kwenye avenue ile ile anakaa mtu mwenye presha au sukari, ambaye daktari amemwambia apunguze kilo, na huyo naye ana haki ya kuelezwa vizuri.

Tumchukue, kwa mfano tu, papa mmoja karani mwenye kilo 92. Anaendesha baiskeli ya chuma isiyo na gia, yenye kilo 18 hivi, siku tano kwa juma, dakika 45 za kukanyaga kweli kila siku. Asubuhi anashuka kwenda mjini, na mteremko hauhesabiki sana, kwa kuwa wakati huo breki ndizo zinazofanya kazi, si miguu. Jioni anapanda kurudi Bagira, shati limeloa mgongoni, na pale penye mwinuko mkali anateremka na kusukuma kama wenzake wote.

Mwili unageuza takriban robo tu ya nguvu ya chakula kuwa kazi ya kukanyaga. Iliyobaki inatoka kama joto, ndiyo maana shati linaloa. Ukipiga hesabu ya kupandisha kilo 110 za mtu pamoja na baiskeli yake, kila mita 100 za kwenda juu zinamgharimu kalori zipatazo 105. Chupa kubwa ya bia, ile ya sentilita 72, ina kalori karibu 300. Basi chupa moja baada ya kazi inarudisha karibu mita 300 za mlima. Simkatazi mtu bia yake, ila ni vizuri ajue bei ya kila kitu.

Tukijumlisha dakika zake zote na kuzigawa kwa siku saba, papa wetu anatumia kama kalori 170 za ziada kwa siku. Watu wengi huendelea kwa hesabu hii: kilo moja ya mafuta ya mwilini ina kalori kama 7,700, kwa hiyo kila siku 45 kilo moja itaondoka, na baada ya miaka mitano zitakuwa zimeondoka kilo 40. Hilo halitokei kwa mtu yeyote. Mwaka 2011 Kevin Hall, mtafiti wa taasisi za taifa za afya za Marekani, pamoja na wenzake walichapisha katika jarida la Lancet kanuni iliyo karibu zaidi na ukweli. Kila tofauti ya kalori 24 kwa siku, ikidumu, hatimaye inabadilisha uzito kwa kilo moja, kisha basi. Nusu ya badiliko hilo huchukua takriban mwaka mmoja, na karibu lote limekamilika ndani ya miaka mitatu. Gawa 170 kwa 24: papa wetu anaweza kupoteza kilo saba hivi kwa baiskeli hiyo. Hata asipokosea popote, atafika 85 na kusimama.

Sababu yake haina siri. Mwili wa kilo 85 ni mdogo kuliko wa kilo 92, kwa hiyo unatumia kidogo hata ukilala, na unapanda mlima ule ule kwa gharama ndogo zaidi. Tena hujibana kupita kiasi cha kilo ulizopoteza, kama nyumba iliyopunguziwa mshahara inavyozima taa za vyumba visivyo na mtu. Mtafiti Ancel Keys aliliona hilo Minnesota, Marekani, mwaka 1945, alipowalisha wanaume 36 waliojitolea karibu nusu ya chakula chao cha kawaida kwa miezi sita. Walipoteza takriban robo ya uzito wao, na matumizi ya mwili wao wakiwa wamepumzika yakashuka zaidi ya hapo.

Hata hivyo, kanuni hiyo ingetaka mizani isimame baada ya miaka, na watu wa kwetu wanasimama baada ya miezi. Jibu liko kwenye njaa. Mwaka 2016 Hall na wenzake walitazama wagonjwa wa kisukari waliokuwa wakitumia dawa inayotoa sukari kupitia mkojo. Wagonjwa hao walipoteza nguvu ya chakula kila siku bila kuhisi, wala hawakuwa wakijinyima chochote. Ikaonekana kwamba kwa kila kilo waliyopungua, walikula kalori zipatazo 100 zaidi kwa siku kuliko mwanzo. Zilinganishe na zile 24. Hamu ya kula inavuta uzito kurudi juu kwa nguvu mara nne ya ule ubanaji wa matumizi. Mtu hakusudii kula zaidi. Donge la bugali linaongezeka kidogo, mchuzi wa sombe unachotwa mara moja zaidi, na moyoni anasema leo nimepanda mlima, nimestahili. Ndiyo maana mazoezi peke yake, chakula kikiachwa kijiendee, kwa kawaida huondoa kilo chache tu. Namwomba msomaji asiite hilo uvivu. Ni mwili uliorithiwa kutoka kwa wazee waliopona njaa nyingi.

Kwa upande wa mazoezi, ushahidi mzito umetoka jirani, Tanzania. Mtafiti Herman Pontzer na wenzake waliwapima Wahadza wa karibu na Ziwa Eyasi, watu wanaoishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali. Wanaume walikuwa wakitembea zaidi ya kilomita 11 kwa siku, wanawake karibu sita. Waliwanywesha maji maalumu ambayo atomu zake zinaweza kufuatiliwa kwenye mkojo, wakajua kila mtu anatumia kalori ngapi kwa siku nzima. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 yaliwashangaza wengi: ukizingatia ukubwa wa mwili, Wahadza walitumia nguvu sawa na watu wa Marekani na Ulaya wanaokaa ofisini. Pontzer anaeleza kwamba mwili unaofanya kazi nyingi hupunguza matumizi mahali pengine. Wataalamu bado wanabishana juu ya ukubwa wa upunguzaji huo, lakini kwa papa wetu somo linatosha: kuongeza safari hakumhakikishii kilo nyingine.

Kwa hiyo mizani ikigoma, ningemshauri aache baiskeli kama ilivyo na kuitazama sahani, hasa mafuta. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta, ya mawese au ya chupa, kina kalori 120. Sambaza, samaki hawa walioletwa Ziwa Kivu kutoka Tanganyika mwaka 1959, ni chakula bora sana, wana protini nyingi na wanaliwa na mifupa yao. Wakichemshwa kwa nyanya na kitunguu wanabaki hivyo hivyo. Wakitumbukizwa kwenye karai la mafuta wanatoka wakiwa wameyanywa. Mama wa nyumba akipima mafuta kwa kijiko badala ya kumimina, vijiko viwili vikipungua kwa kila mlaji vinazidi faida yote ya baiskeli kwa siku hiyo. Sombe ibaki, maharage yabaki, bugali upungue kidogo. Kujinyima kabisa sikushauri. Tumeona njaa inavyolipiza.

Na baiskeli je, ni ya nini sasa? Kwanza, bila hiyo zile kilo zilizoondoka zingerudi, maana kalori 170 za kila siku ndizo zinazozizuia. Pili, moyo hausubiri mizani. Kule Copenhagen watafiti waliwafuatilia watu wapatao 30,000 kwa miaka 14 na zaidi, wakachapisha matokeo mwaka 2000: waliokuwa wakienda kazini kwa baiskeli walikufa kwa kiwango cha chini kwa karibu asilimia 28 kuliko wasioendesha, hata baada ya kuzingatia uzito, sigara na mazoezi mengine. Misuli iliyotoka kufanya kazi hufyonza sukari ya damu vizuri zaidi kwa saa nyingi, na presha hushuka kidogo, iwe kilo zimepungua au la.

Tumbo nalo lipimwe kwa utepe wa fundi cherehani, kwenye usawa wa kitovu. Mafuta yanayozunguka ini na utumbo ndiyo ya hatari, na mara nyingi hupungua wakati uzito umesimama. Madaktari wengi huchukua sentimita 94 kwa mwanamume na 80 kwa mwanamke kuwa mpaka wa kuanza kuangalia. Mizani itoshe mara moja kwa juma, asubuhi, kabla ya kula. Kilo moja au mbili za kupanda na kushuka ndani ya siku chache ni maji tu, kwa sababu kila gramu ya akiba ya sukari kwenye misuli hukaa na gramu kama tatu za maji. Hata ule ushukaji wa haraka wa majuma ya kwanza, sehemu yake kubwa ilikuwa maji hayo.

Limebaki jambo la majirani. Hapa kwetu anayenenepa anasifiwa, anayekonda anaulizwa barabarani: «Papa, mbona unakonda hivi? Uko mugonjwa?» Swali hilo limewarudisha wengi kwenye sahani kubwa kwa aibu tu. Ajibu kwa utulivu kwamba anaendesha baiskeli kwa ajili ya presha yake. Ila swali lenyewe lina maana. Uzito ukiendelea kushuka bila mtu kubadili chakula wala mazoezi, na hasa ukiandamana na kikohozi cha zaidi ya majuma mawili, jasho la usiku, homa zinazorudi, au kiu na mkojo mwingi, aende kituo cha afya juma hilo hilo, apimwe kifua kikuu, sukari na virusi vya UKIMWI.